Siku Sita na PS4 Begani: Dodoma, Kariakoo, Unguja

Nilirudi Jumatatu usiku, Februari 17, 2025, na tangu hapo nimekuwa nikiunganisha vipande: picha mia nne na ushee, risiti nilizozikunja ndani ya kava la simu, na maneno mafupi niliyoyaandika kila tuliposimama mahali. Nimepanga kwa siku, ili atakayeipita njia hii mwakani ajue pa kukaza na pa kulegeza.

Safari hii ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja ambalo hufanyika kila Februari tangu 2004, isipokuwa 2016 lilipokosa fedha. Nilikuwa nimeshaingia kwenye matamasha mawili ya Bongo Fleva uwanjani, na yote mawili msanii aliimba juu ya wimbo wake uliorekodiwa. Alishusha maiki apumue, sauti yake ikaendelea kuimba. Watu walifurahi, nami nilicheza na kuimba hadi sauti ikakauka. Lakini nilitamani sana kusikia vyombo vikipigwa na mikono ya watu mbele yangu, na Busara wana sharti hilo: kila anayepanda jukwaani apige na kuimba moja kwa moja.

Sababu ya pili ilikuwa gemu. Karibu na hosteli yetu kuna kibanda chenye televisheni nne. Mechi moja shilingi 500, anayefungwa anaachia pedi ya kuchezea, mshindi anabaki. Sheria nzuri, ila ukiwa msichana foleni inakuruka. Utaulizwa umemfuata nani. Utaambiwa "dada, subiri hawa wamalize", na hawa hawamalizi. Siku moja tulikaa saa mbili na nusu bila kushika pedi, tukaondoka na hela zetu mkononi. Usiku huohuo, watano wa chumba kimoja, tukakubaliana: hela ya boom (mkopo wetu wa wanafunzi) ikiingia, kila mmoja atoe laki moja na elfu kumi, tununue mashine yetu ya gemu, PS4. Na kwa kuwa mimi nilikuwa napita Dar, nikakabidhiwa mzigo wa laki tano na nusu.

Jumatano, Februari 12. Dodoma hadi Dar

Tiketi ya treni ya SGR (reli mpya ya umeme) daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Nilikata mtandaoni siku tano kabla. Uwe na namba yako ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na ufike stesheni mapema, maana mizigo inapita kwenye mashine na watu ni wengi. Stesheni iko Mkonze, mbali kidogo na mjini, kwa hiyo hesabu na nauli ya kufika huko.

Mama yangu husimulia kuwa zamani akienda Dar aliaga kama mtu anayekwenda nchi nyingine. Mimi nilipanda mchana, nikashuka jioni, saa nne hivi njiani. Sehemu niliyoipenda ni kati ya Gulwe na Kilosa, ambako reli inafuatana na mto Mkondoa. Reli ya zamani ilikuwa ikisombwa na mafuriko hapo mara kwa mara. Hii mpya imenyanyuliwa juu ya madaraja, halafu inaingia kwenye mahandaki. Giza linakupiga usoni ghafla, watoto wanapiga kelele, mwanga unarudi, na milima ya Kilosa imesogea dirishani. Baba aliyeketi mbele yangu, mfanyabiashara wa alizeti, alinipisha kiti cha dirishani bila kuombwa. "Wewe ndiyo mara ya kwanza, mie nishazoea," akasema, akalala hadi Morogoro.

Kutoka stesheni ya Dar nilipanda basi la mwendokasi Gerezani, shilingi 750, nikashuka Manzese kwa mama mdogo. Wali, mchicha wa nazi, dagaa wa kukaanga. Nililala na bahasha ya hela chini ya godoro.

Alhamisi, Februari 13. Kariakoo

Siku hii naiandika kwa urefu, kwa sababu maswali mengi niliyoulizwa tangu nirudi ni ya hapa.

Ukitafuta vifaa vya umeme Kariakoo, mtaa wa Aggrey na mitaa inayoukata ndiyo kwenu. Nilifika saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla watu hawajabanana. Nilipita maduka sita. Usinunue duka la kwanza hata kama mashine inang'aa, kwa sababu kung'aa ni kazi ya kitambaa na spiriti. Duka la tano alikuwepo fundi, kijana mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, akinifundisha bila haraka wakati mwenye duka akihudumia wengine.

Haya ndiyo aliyonionyesha. Washa mashine, uiache na gemu zito kwa dakika ishirini. Ikianza kunguruma kama feni ya daladala, ndani kuna vumbi au ile gundi ya kupitisha joto imekauka. Ingiza diski zaidi ya moja, uitoe na kuirudisha mara kadhaa. Tikisa waya wa HDMI taratibu ukiwa umechomekwa. Picha ikikatika, tundu limelegea, na kulibadilisha ni gharama. Kisha pedi: fungua menyu yoyote, weka pedi mezani bila kuigusa, uangalie. Menyu ikijisogeza yenyewe, kijiti cha kushoto kimeharibika, na hiyo pedi itakufungisha mabao usiyostahili. Pedi mbili za kwanza tulizijaribu zikakataliwa na fundi mwenyewe, mbele ya bosi wake. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Tulianza laki tano na themanini. Nilitaja laki nne na nusu. Tulikwenda tukirudi kama robo saa, nikatoka nje mara moja, nikaitwa. Tukaishia laki tano na elfu kumi na tano: PS4 Slim, kilo mbili na kidogo, pamoja na pedi mbili nzima. Diski ya FC 24, gemu la mpira wa miguu, iliyotumika, elfu thelathini. Waya wa HDMI, elfu tano. Hela ikaisha kabisa, hadi senti ya mwisho ya wenzangu.

Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mwenye duka akanitazama kwanza, halafu akaitoa. Shika hili: risiti hiyo ni muhimu kuliko kasha. Utaona Jumatatu.

Mpango wangu ulikuwa kuiacha mashine Manzese, niende Unguja mikono mitupu. Nikakuta mama mdogo anafunga mizigo: msiba Tanga, anaondoka alfajiri, nyumba inafungwa. Kwa hiyo PS4 ikavikwa kanga mbili na sweta, ikaingia kwenye begi la mgongoni, nguo zangu nikazipunguza hadi tatu.

Ijumaa, Februari 14. Baharini, na kukosa chumba

Bandari ya boti za Unguja iko karibu na kituo cha mwendokasi cha Posta ya Zamani. Mtanzania analipa nauli ya wenyeji, ambayo kwangu haikufika elfu arobaini. Mgeni analipa zaidi ya mara mbili. Beba kitambulisho. Pia jibu vijana wa nje kwa upole, lakini tiketi kata dirishani.

Boti ya saa tatu na nusu iliondoka karibu saa nzima baada ya wakati wake, na kaskazi ilikuwa imeamka. Tulipoacha visiwa vidogo vya Dar nyuma, chombo kikaanza kupanda na kushuka. Wahudumu wakapita wakigawa mifuko. Kiti cha pembeni alikaa bibi mmoja, anarudi kutoka harusini Temeke, na mjukuu wa miaka minne mapajani. Bibi alizidiwa. Nikamchukua mtoto, nikampakata nusu ya safari, akanilalia begani upande mmoja, upande mwingine begi la PS4. Nilikuwa na ndimu mbili (mama mdogo alinipa, Mungu ambariki), moja nikamkatia bibi. Alinusa, akafumba macho, akasema, "Allah akulipe, mwanangu." Kwa saa moja hatukuongea zaidi ya hapo.

Malindi tulishuka wote. Nikambebea kapu hadi nje ya geti, nikamwamkia tena kwa kuagana, nikaelekea Mkunazini kwenye nyumba ya wageni niliyoishikilia kwa simu wiki tatu nyuma, elfu thelathini na tano kwa usiku. Chumba kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Siku za tamasha mji unajaa, na ahadi ya simu bila malipo haina nguvu. Lipa angalau usiku wa kwanza, na utunze ujumbe wa malipo. Nilijaribu nyumba nne nyingine. Zilizokuwa na nafasi zilitaka pesa ambayo ingenimaliza siku moja.

Saa nane mchana nilikuwa nimeketi kwenye baraza la mawe karibu na Darajani, begi mapajani, nikihesabu kama nirudi na boti ya jioni. Swala ya Ijumaa ilikuwa imetoka, watu wanapita na kanzu nyeupe. Mtu akasimama mbele yangu. Yule bibi wa kwenye boti, na mjukuu wake, wamepita kununua ndizi.

"Wewe bado hujafika kwenu?"

Nikamweleza. Hakuniacha nimalize.

"Inuka twende. Hulali nje na mie nipo."

Anaishi Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamepangika pande mbili za barabara kama treni iliyosimama. Ghorofa ya tatu. Nyumba ya vyumba vitatu yenye watu saba: bibi, bintiye anayefanya kazi duka la dawa, mtoto wa kiume na mkewe, na wajukuu watatu. Nikawa wa nane. Nilitoa elfu arobaini nimpe, akanishika mkono, akaufunga. Masharti yalikuwa mawili tu: nisitoke usiku peke yangu bali na bintiye, na tuwe tumerudi kabla ya saa saba. Kwa anayekwenda: beba kanga na nguo ndefu. Ilikuwa Shaabani, Ramadhani imebaki wiki mbili, na ndani ya mtaa si kama ufukweni.

Jioni tulilikuta gwaride la ufunguzi likikaribia Forodhani: beni na tarumbeta zao, ngoma, wanasarakasi wakipanda mabegani kwa wenzao, na watoto wa mtaa wakifuata kama wao ndio wenye shughuli.

Kisha Ngome Kongwe, kwenye tamasha lenyewe. Ngome hii ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na imewahi kuwa gereza. Jirani yake Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ilikuwa bado haijapona tangu upande wake mmoja ulipoporomoka Desemba 2020. Tiketi Mtanzania analipa bei yake, ya chini sana kuliko ya mgeni. Hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo siitaji hapa. Njoo na kitambulisho.

Tulikaa chini, kwenye nyasi, karibu na jukwaa kiasi cha kuona vidole. Bendi ya tatu usiku huo, mpiga gitaa la kwanza alikatikiwa na uzi katikati ya wimbo. Nilisikia mlio wake, tiii, halafu pengo mahali ambapo gitaa lilikuwa. Nikasubiri wimbo usimame. Haukusimama. Mpiga besi alisogea mbele, akaanza kuzunguka palepale kwenye noti tatu. Mpiga ngoma akapunguza, akabaki na ukingo wa ngoma tu, ka-ka, ka-ka. Mwimbaji, mwanamke mwenye sauti nzito, akageukia watu, akapiga makofi, nasi tukayachukua makofi yale, ngome nzima, kuta zikayarudisha. Mpiga gitaa kapiga goti, mdomoni kashika uzi mpya, anaukaza, anausikiliza kwa sikio lililolala juu ya mbao. Dakika tatu, labda nne. Aliposimama, hakuanza mwanzo wa wimbo. Aliingia pale makofi yetu yalipokuwa, kama mtu anayerukia daladala inayotembea.

Nililia. Binti wa bibi akanipa kitambaa bila kuuliza, akaendelea kupiga makofi.

Jumamosi, Februari 15. Michenzani

Asubuhi, mkate wa ajemi, maharage ya nazi, chai ya tangawizi. Mjukuu wa kiume, kidato cha pili, alikuwa ameshaona umbo la begi langu. "Dada, hiyo ni PS?"

Sikuwa na kitu kingine cha kuwalipa wenyeji wangu. Niliifungua kanga, nikaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Kabla diski haijamaliza kusoma, kulikuwa na watoto sita ambao si wa nyumba ile. Saa nne, kumi na wawili. Viatu mlangoni vilijaa hadi ngazini.

Nikatangaza sheria ya vibanda vyote: anayefungwa anaachia pedi, mshindi anabaki, foleni inafuata waliotangulia kukaa. Nikawapanga kwa kuwahesabu vichwa. Wa saba alikuwa mjukuu wa kike wa bibi, miaka kumi na moja, ameketi nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni. Zamu yake ilipofika, kaka yake akasema, "Huyo hachezi, huyo anaangalia tu."

"Kwenye foleni ni wa saba," nikasema. "Pedi yake."

Alikuja. Alishika pedi kama anayepokea sahani ya moto. Wakati wa kuchagua timu, kaka mtu akawa anamwelekeza, chukua hii, chukua ile. Nikambonyezea kitufe, nikampeleka kwenye vilabu vya wanawake. Alikuwa hajui kuwa vimo. Timu za taifa za wanawake ziliingia kwenye mfululizo huu wa gemu, uliokuwa ukiitwa FIFA, mwaka 2015, katika FIFA 16. Vilabu vikafuata katika FIFA 23, na hii FC 24 ina Barcelona ya wanawake pamoja na Aitana Bonmatí, aliyechukua Ballon d'Or 2023 na 2024. Alisoma majina moja moja kwa sauti ya chini. Kisha akabonyeza.

Alifungwa nne bila. Akaachia pedi, akarudi mwisho wa foleni, akakaa. Zamu ya pili alifungwa mbili moja. Bibi akakata shughuli kwa adhuhuri: wote wakaswali, wote wakala pilau, na waliokuja kutoka ghorofa nyingine wakala pia. Zamu ya tatu, baada ya alasiri, alimfunga kijana wa jirani tatu mbili, bao la mwisho dakika ya 88, krosi kutoka kulia na kichwa. Sebule ililipuka. Yeye hakupiga kelele. Aliweka pedi mapajani, akasema, "Nani anafuata?"

Alibaki na ile pedi mechi nne.

Baada ya Ishaa tukaenda tena Ngome. Nikakuta mzee ameketi kwenye ngazi za mawe, na bila kutarajia tukawa tumempata mwanamuziki wa mtaani: aliwahi kupiga fidla kwenye kidumbak cha harusi. Alinieleza vizuri kuliko ambavyo ningesoma popote. Kidumbak ni ndugu wa taarab wa uwanjani, akasema. Hakuna ukumbi wala suti. Vidumbak viwili vidogo vya udongo, cherewa za kutikisa, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), fidla, na sanduku, yaani kasha la chai lililofungwa mti na kamba moja, ukivuta mti noti inapanda, ukilegeza inashuka. "Hilo sanduku ndiyo besi yetu," akasema, akaigiza kwa mkono na goti, na kidole chake kikaanguka mahali sahihi kila mara bendi ya jukwaani ilipopiga besi.

Usiku huo pia nilisikia muheme. Mimi naishi Dodoma. Ngoma hii naisikia Jumamosi za harusi, wanawake wa Kigogo wameibana kati ya mapaja, nami huwa napita na masikio yangu ya waya. Sikuwahi kusimama. Ilinibidi nivuke bahari ndipo nisikie jinsi sauti zao zinavyopishana, mmoja akishuka mwingine keshapanda. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyeitoa ilimba (marimba ya vidole) Ugogo hadi Bagamoyo na kwenye majukwaa ya dunia, alifariki 2003. Nina wimbo wake mmoja kwenye simu tangu mwaka wa kwanza. Sikuwa nimeusikiliza hadi mwisho.

Jumapili, Februari 16

Siku fupi. Nililala hadi saa nne. Urojo kwa mama mmoja chini ya ghorofa, elfu tatu, una kachori, bajia, chatine ya nazi na embe mbichi. Nilikula bakuli mbili. Forodhani usiku chakula kinapendeza kwa macho, ila uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, na utembee meza tatu kwanza. Tamasha la mwisho tuliondoka mapema kwa sababu ya boti ya alfajiri.

Tuliporudi, yule msichana alikuwa macho, amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Aliniomba kitu kimoja: kama anaweza kuwa na akaunti yake ndani ya mashine, timu yake isipotee. Tukaiwasha, tukamfungulia. Akaandika jina herufi kwa herufi, akachagua picha, akahifadhi. Kisha akaizima mwenyewe, akaikunjia kanga.

Jumatatu, Februari 17. Kurudi

Boti ya saa moja asubuhi, bahari imelala kama maziwa. Bibi alinifungia mkate wa kumimina na ndimu nne. "Zile mbili nakurudishia, na mbili za safari ijayo."

Bandari ya Dar, mizigo inapoingia kutoka Unguja inakaguliwa, kwa kuwa vifaa vilivyonunuliwa kule vinaweza kutozwa ushuru huku. Afisa alifungua begi, akaona mashine. Nikatoa risiti ya Kariakoo, tarehe 13, jina la duka, kiasi. Akasoma, akalinganisha, akanirudishia na kunitakia safari njema. Dakika mbili. Kijana wa nyuma yangu hakuwa na karatasi yoyote ya spika zake, na nilipoondoka alikuwa bado anaeleza.

Treni ya siku hiyo daraja la kawaida lilikuwa limejaa. Mwendokasi hadi Kimara na kuunganisha hadi Mbezi Luis, kisha basi la saa tano na nusu, elfu thelathini na kitu. Chalinze, Morogoro, sina la kuandika. Baada ya Dumila lori lilikuwa limelala kukata barabara, tukakaa saa mbili na dakika arobaini. Watu walishuka, wakatandika kanga chini ya mti. Mama mmoja alikuwa na ndoo ya mihogo ya kuchemsha aliyokuwa akiwapelekea wajukuu Gairo. Akaigawa basi zima, akabaki na vipande viwili. Mkate wa bibi nikaukata nao. Dereva akala, konda akala, askari aliyekuja kuongoza magari akala.

Hosteli nilifika saa tatu na nusu usiku. Wote wanne walikuwa macho, televisheni imeshavutwa katikati ya chumba, vitanda vimesukumwa ukutani. Hakuna aliyeniuliza kuhusu tamasha hadi waya uchomekwe. Mashine ikawaka, ikauliza nani anacheza, ikaonyesha majina mawili: langu, na chini yake MKALI WA MICHENZANI.

"Huyu nani?"

Nikawaambia wasimfute, nikakaa chini kuanza kuwasimulia.